Je, utrasaundi itaniambia kama ubongo wa mwanangu ni mzima?

Shikamoo Daktari,

Nina miaka 31, naishi Tanga na mume wangu pamoja na mtoto wetu wa kwanza, ambaye sasa ana miaka mitano. Mtoto huyo hatembei na haongei. Tuliambiwa ana mtindio wa ubongo. Mimba yake ilianza vizuri, lakini ilipofika wiki ya 32 presha ilinipanda ghafla, nikapata kifafa cha mimba na kukimbizwa kwenye upasuaji nikiwa sijitambui. Wanasema mtoto alipotoka hakulia. Alikaa kwenye oksijeni siku nyingi, na baadaye akaanza kupata degedege.

Tangu wakati huo kila mtu ana maelezo yake. Wapo waliosema nimerogwa, wapo waliosema nilikunywa dawa za kienyeji, jambo ambalo sikulifanya. Mama mkwe anasema ni vile vipimo, kwamba zile mashine zina mionzi inayounguza ubongo wa mtoto, na wanawake wa zamani walizaa watoto wazima bila kupimwa chochote.

Sasa nina mimba ya pili, wiki ya 24. Kliniki wameiandika kwenye kadi kuwa ni mimba hatarishi. Natumia dawa za presha, na aspirini ndogo nilianzishiwa tangu wiki ya 13. Presha yangu hucheza kati ya 130/80 na 145/90. Wiki ya 22 nilipiga utrasaundi. Karatasi ina mambo mengi niliyoyaelewa machache: moyo wa mtoto unapiga, maji ya uzazi yanatosha, uzito unalingana na umri wa mimba. Lakini chini kabisa imeandikwa kwamba chumba cha maji ndani ya ubongo, upande wa kushoto, ni milimita 10.8, na kwamba nirudie baada ya wiki nne. Nilipouliza maana yake, nikajibiwa tu kuwa maji yamezidi kidogo nisiwe na wasiwasi, akaitwa mwingine. Daktari, tangu siku ile sijalala usingizi wa maana. Mtaa wa pili kuna mtoto mwenye kichwa kikubwa, na kila nikimwona nashika tumbo.

Wifi yangu aliyeko Dar es Salaam ameniambia kuna kituo kina utrasaundi ya 4D ambayo, kwa maneno yake, inapima akili ya mtoto akiwa bado tumboni. Wanamtazama anavyopepesa macho, anavyokunja uso na kupeleka mkono mdomoni, halafu wanampa alama kama za mtihani. Gharama ni laki tatu na nusu, bado nauli. Mume wangu ni fundi seremala na yuko tayari kuuza pikipiki yake.

Naomba unisaidie. Hiyo 10.8 ina maana mwanangu atakuwa na kichwa kikubwa? Kipimo cha 4D kitaniambia kama atakuwa kama kaka yake? Nikishajua, nitafanya nini na hiyo habari? Na mama mkwe je, ana ukweli wowote?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyokupata, na pole kwa maneno ya watu, ambayo najua yanauma hata kuliko kile kisu cha upasuaji.

Nianze na ile namba, kwa sababu ndiyo inayokunyima usingizi. Ndani ya ubongo wa kila binadamu kuna vyumba vya maji. Maji hayo hutengenezwa humohumo, hupita njia nyembamba kutoka chumba hadi chumba, huzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha hufyonzwa na damu. Kwa hiyo kuwa na maji kichwani si ugonjwa, sote tunayo. Mpimaji hupima upana wa chumba cha pembeni mahali pamoja palipokubaliwa, kuelekea nyuma, na kinachorahisisha kazi yake ni kwamba upana huo haubadiliki sana kuanzia wiki ya 14 hadi siku ya kuzaliwa. Unatakiwa uwe chini ya milimita 10. Ukiwa 10 hadi 12 tunasema umezidi kidogo, 13 hadi 15 umezidi kwa wastani, na ukipita 15 umezidi sana.

Wa mwanao ni 10.8. Uko kwenye ngazi ya chini kabisa ya kuzidi, mahali ambapo hata namna ya kupima huleta tofauti. Alama za kupimia zikiwekwa upande wa nje wa ukuta wa chumba badala ya upande wa ndani, au kichwa kikikatwa kwa mshazari, mtoto wa 9 na nusu anaweza kusomeka 10 na kitu. Kichwa kikubwa ni hali nyingine: maji yamezibiwa njia, yanajaa kwa shinikizo, vyumba vinatanuka na kichwa kinakua kupita umri wake. Namba uliyonitajia haisemi hivyo hata kidogo. Vyumba vikiwa vimezidi kidogo namna hii, na mtoto hana kasoro nyingine yoyote, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hukua kama wenzao. Wengi wao, kipimo kikirudiwa, hukutwa wamebaki palepale au wamerudi chini ya 10.

Lakini umeona nilivyosema, “hana kasoro nyingine yoyote.” Uzito wote wa jibu lako umelalia hapo, na hapo ndipo utrasaundi ya kina inapokuwa na kazi halali.

Utrasaundi uliyopiga wiki ya 22 ni ya jumla. Mpimaji ana dakika chache za kumtazama mtoto mzima, na kichwani hupata picha mbili tatu za mlalo. Unayoihitaji sasa ni utrasaundi ya ubongo wa mtoto peke yake, inayofanywa na daktari bingwa aliyejifunza kazi hiyo. Huyo hakati kichwa kwa mlalo tu. Hukata pia kwa wima, kutoka mbele kwenda nyuma na kutoka sikio hadi sikio. Mtoto akiwa amelala kichwa chini, anaweza kutumia kifaa chembamba kinachoingizwa ukeni, akauangalia ubongo kupitia utosini, mahali ambapo mfupa haujaziba. Usishtuke ukiambiwa hivyo. Kifaa hakiingii kwenye mji wa mimba na hakimgusi mtoto.

Atatafuta nini? Kwanza lile fungu la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo. Kufikia wiki ya 20 umbo lake huwa limekamilika, hivyo kwa wiki ulizonazo linaweza kuhukumiwa. Chini yake, kuelekea mbele, katikati kabisa, kuna kijumba kidogo cha maji ambacho kinatakiwa kuonekana kuanzia wiki ya 18 hadi ya 37. Kisipoonekana, daktari hawezi kukuacha uende hivihivi, kwa sababu mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza kwamba fungu lile la nyuzi halipo. Atakwenda kisogoni kuangalia ubongo wa nyuma, na nafasi ya maji iliyo nyuma yake, ambayo kawaida ni milimita 2 hadi 10. Kisha atashuka na uti wa mgongo, pingili kwa pingili hadi mwisho, kwa kuwa mgongo wazi ni moja ya sababu kubwa za vyumba vya maji kutanuka. Mwaka 1986 madaktari wa London waliandika kwamba mtoto mwenye mgongo wazi huonyesha dalili kichwani: fuvu hubonyea mbele likafanana na limau, na ubongo wa nyuma hupinda kama ndizi. Hadi leo tunazitafuta limau na ndizi hizo, na zisipokuwepo mioyo yetu hutulia sana.

Jambo lingine ni mikunjo. Ukiuona ubongo wa mtoto wa wiki 20 utashangaa ulivyo laini; ile mikunjo tunayoijua huja baadaye, wiki baada ya wiki. Ubongo unaweza kuonekana safi wiki ya 22, halafu kasoro ya mikunjo au damu iliyovuja ikaonekana wiki ya 30. Ndiyo maana aliyekuandikia urudie baada ya wiki nne hakukufukuza. Alifanya sahihi, ila alipaswa kukueleza. Rudia wiki ya 26, kisha uombe picha nyingine ya ubongo kati ya wiki ya 28 na 32.

Ukienda, nenda na maswali yaliyoandikwa, na usiondoke bila majibu. Upande wa kulia ni milimita ngapi? Mara nyingi upande ulio karibu na kifaa hufunikwa na kivuli cha mfupa, ukaachwa. Kile kijumba cha katikati kimeonekana? Mgongo umeonekana wote? Mzingo wa kichwa unalingana na wiki? Uliza pia kama damu yako imepimwa maambukizi yanayoweza kufika kwenye ubongo wa mtoto, hasa virusi vya sitomegalo na vijidudu vya toksoplasma, na kama kuna haja ya kipimo cha vinasaba. Sisitiza karatasi itofautishe kati ya “kipo na ni cha kawaida” na “hakikuonekana vizuri.” Karatasi isiyokitaja kitu si ushahidi kwamba kitu hicho kilitazamwa. Mtoto akiwa amekaa vibaya na jambo muhimu halikuonekana, utembee kidogo, unywe maji, upimwe tena siku hiyohiyo au siku nyingine. Na ikiwa baada ya hayo yote bado kuna shaka, kuna MRI ya mtoto akiwa tumboni, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, ambayo haitumii mionzi ya eksirei na huonyesha ubongo vizuri zaidi mimba ikishasogea. Hiyo tuiache mpaka ionekane inahitajika.

Sasa kuna kipimo ambacho barua yako haikukitaja kabisa, na kwa mwanamke mwenye historia yako mimi nakiweka mbele ya vingine vyote. Kinaitwa Doppler. Mashine ileile ya utrasaundi, yenye uwezo huo, hupima mwendo wa damu katika mishipa. Presha hudhuru kondo la nyuma; kondo likichoka, mtoto hupata hewa na chakula pungufu. Katika mshipa wa kitovu, damu inatakiwa iendelee kutiririka hata moyo wa mtoto unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikianza kusimama wakati huo, au mbaya zaidi kurudi nyuma, mtoto yuko hatarini na madaktari hawana budi kupanga lini atolewe. Kisha hupimwa mshipa mkubwa wa katikati ya ubongo. Mtoto anayepungukiwa hupunguza damu ya tumboni na miguuni akaielekeza kwenye ubongo na moyo, na mshipa ule wa ubongo hutanuka. Nimewaona wazazi wakifurahi kusikia damu nyingi inakwenda kwenye ubongo wa mtoto wao. Si habari ya kufurahia. Ina maana mtoto ameanza kujihami, na kwamba sisi tulio nje tunatakiwa kuongeza macho.

Kipimo hiki pamoja na kipimo cha ukuaji ndivyo vinavyolinda ubongo wa mwanao kuanzia sasa. Muulize daktari wako atavirudia kila baada ya wiki ngapi. Kwa presha kama yako, wiki mbili hadi nne ni jibu la kawaida, na vikibadilika huwa mara nyingi zaidi.

Tuje kwenye 4D ya wifi yako. Hakukudanganya kwamba kipimo hicho kipo. Kilianzishwa na daktari Asim Kurjak wa Zagreb, Kroatia, pamoja na wenzake, na mwaka 2010 wataalamu walikutana Osaka, Japani, wakakubaliana namna moja ya kukifanya. Kwa kifupi huitwa KANET. Hufanyika kati ya wiki ya 28 na 38, mtoto akiwa macho, kwa dakika 15 hadi 20 au zaidi. Mpimaji hutazama mambo 8: mtoto anavyoinamisha kichwa, anavyopepesa macho, anavyokunja uso na kufungua mdomo, anavyorusha miguu, anavyopeleka mkono usoni, vidole vinavyofunguka, mifupa ya fuvu na ukubwa wa kichwa, na mwenendo wa jumla wa kucheza kwake. Kila jambo hupewa alama 0, 1 au 2. Jumla ya 10 hadi 16 huhesabiwa ya kawaida, 6 hadi 9 ni mpakani, 5 kushuka chini si ya kawaida. Wazo lenyewe ni zuri, kwa sababu ubongo unaweza kuwa na umbo sahihi na bado usifanye kazi sawasawa, na uchezaji wa mtoto ni dirisha la kazi hiyo. Naliheshimu, na nisingependa lidharauliwe.

Lakini tazama mambo mawili. Kwanza, wewe una wiki 24. Muda wake haujafika hata ungekuwa na fedha. Pili, fikiria ungepata alama 8. Hakuna dawa ya kumpa mtoto tumboni kwa sababu ya alama hizo. Ungeambiwa urudie, kwani huenda alikuwa amelala, na watoto wa tumboni hulala sana. Kisha ungeambiwa mtoto afuatiliwe kwa karibu akizaliwa. Huyu wako, kwa historia yako, lazima afuatiliwe kwa karibu hata akipata 16! Alama nzuri isingekuondolea ufuatiliaji, na alama mbaya isingekuongezea tiba. Ingekuongezea miezi mitatu ya machozi. Wala kipimo hiki hakiwezi kutabiri kitakachotokea siku ya kuzaliwa. Hakimo kwenye vipimo ambavyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa kila mjamzito. Lenyewe, katika mwongozo wake wa 2016, linataka kila mama apate angalau utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Tena si kila mwenye mashine ya 4D amejifunza KANET. Wengine hutoa picha nzuri ya uso wa mtoto ya kuweka ukutani, na picha ya uso haina la kusema kuhusu ubongo. Neno “akili” lisikuteke. Hakuna mashine duniani inayopima akili ya mtoto tumboni.

Kwa hiyo mwambie mumeo asiuze pikipiki. Usiku ukiumwa kichwa kisichosikia dawa, ukaona vimulimuli, au mtoto akapunguza kucheza, pikipiki hiyo itakuwa na thamani kuliko picha yoyote. Laki tatu na nusu itengeni. Nunueni mashine ya kupimia presha nyumbani, ya mkono, upime asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Iliyobaki iwe nauli ya kwenda hospitali ya rufaa ya kanda au ya taifa kwa ajili ya ile picha ya kina ya ubongo, na uende na barua ya rufaa mkononi ili usianze upya mapokezi.

Umeniuliza ukishajua utafanya nini. Nimelitafakari swali hili kuliko mengine, kwa kuwa ni la mama aliyekwisha umia na hataki kuumizwa bure. Kujua kunabadilisha mahali utakapojifungulia. Ikionekana mgongo wazi au vyumba vinazidi kutanuka, mtoto azaliwe karibu na wapasuaji wa ubongo. Tanzania tunao Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na Mbale nchini Uganda kuna hospitali ya CURE iliyojipatia jina kwa upasuaji wa watoto wenye kichwa kikubwa, ukiwemo ule wa kufungulia maji njia bila kuweka mpira wa kuyatoa kichwani. Mtoto anayefanyiwa mapema ana nafasi tofauti kabisa na yule anayefichwa ndani hadi kichwa kimekuwa kizito. Na ikionekana Doppler imeharibika, kujua kunabadilisha siku ya kujifungua. Mtoto akilazimika kutoka kabla ya wakati, kuna sindano za kukomaza mapafu, ambazo hupunguza pia hatari ya damu kuvuja kwenye ubongo wake, na zinafaa mimba ikiwa chini ya wiki 34. Kabla ya wiki 32 kuna magnesiamu salfeti, dawa ileile ya kuzuia kifafa cha mimba, ambayo ikipewa mama kabla ya kujifungua hupunguza uwezekano wa mtoto kupata mtindio wa ubongo. Dawa hizi zinataka muda. Mama anayefika amepoteza fahamu huwa muda huo ameupoteza njiani. Huo ndio msaada mkubwa ambao utrasaundi inaweza kukupa: muda.

Hilo linanirudisha kwa mwanao wa kwanza. Siwezi kumpima mtu kwa barua, lakini kwa uliyonieleza, mimba ya wiki 32, kifafa, mtoto asiyelia, oksijeni na degedege, sioni haja ya kumtafuta mchawi. Ubongo wake ulikosa hewa ukiwa bado mchanga. Utrasaundi ya wiki ya 20 ingekuwa nzuri kabisa na bado yote hayo yangetokea. Hukumuumiza wewe, na kwa sehemu kubwa hali hii hairithiwi. Mdogo wake hana deni la kulipa. Kinachoweza kujirudia ni presha, na waliokuanzishia aspirini mapema walilijua hilo. Endelea nayo kama ulivyoelekezwa. Mkumbushe daktari akague majina ya dawa zako za presha, maana zipo zinazofaa kwa mjamzito, na zipo kama kaptoprili na enalaprili ambazo hudhuru figo za mtoto na hazitakiwi.

Mama mkwe wako mheshimu, naye aliumia kwa mjukuu wake. Mweleze taratibu kwamba utrasaundi ni sauti, ya juu kupita uwezo wa masikio, inayotumwa na kurudi. Si mionzi kama ya eksirei. Ilianza kutumika kwa wajawazito enzi za daktari Ian Donald wa Glasgow, ambaye mwaka 1958 alichapisha kazi yake, na tangu wakati huo hakujaonekana ushahidi kwamba ikitumiwa vizuri inadhuru ubongo wa mtoto. Ana chembe moja ya haki: sauti hiyo ikikazwa sana mahali pamoja huongeza joto kidogo, kwa hiyo tunapima kwa sababu na kwa muda unaohitajika, hatuwashi mashine saa nzima kwa ajili ya kupiga video. Ukimwambia hivyo, kwamba na sisi tuna mipaka, huenda akasikiliza.

Mtoto akizaliwa, kazi ya kuuangalia ubongo wake haijaisha. Utrasaundi ya kichwa inaweza kupigwa kupitia utosini akiwa kitandani, bila dawa ya usingizi, na ikiwa atawahi kuzaliwa au ile 10.8 bado ipo, iombe. Mzingo wa kichwa upimwe kila mwezi kliniki na uandikwe kwenye kadi. Usikubali wapime uzito tu. Akiwa na miezi 3 hadi 5, mtaalamu aliyefunzwa anaweza kumlaza chali na kuangalia ile michezo midogomidogo ya mikono, miguu na shingo ambayo daktari Heinz Prechtl, mtafiti wa uchezaji wa watoto wachanga, alitufundisha kuisoma. Kukosekana kwake ni dalili nzito ya mtindio wa ubongo, nzito kuliko alama zozote za tumboni, na inaonekana wakati ambapo mazoezi ya mapema bado yana faida kubwa. Wewe mwenyewe nyumbani angalia: ngumi zinazobaki zimekunjwa baada ya miezi mitatu, shingo isiyokaza miezi minne, au mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka. Ukiona mojawapo, nenda bila kusubiri wakwambie atakuja kubadilika.

Na huyo kaka yake wa miaka mitano apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, kama alishaacha. Kukaza kwa misuli kunaweza kupunguzwa, na namna ya kumkalisha na kumlisha inafundishika. Kumbeba mgongoni sasa waachie wengine; ana uzito, na wewe una tumbo na presha. Ukishapata majibu ya wiki ya 26 niandikie, utaje namba za pande zote mbili, kushoto na kulia.